Koili ya omu ndogo kwenye vepu ya chipu: piga hesabu ya wati kwanza

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea vepu yake, sigara ya kielektroniki, hapa benchini kwangu, Luthuli Avenue jijini Nairobi, ameifunga kwenye leso. "Fundi, chipu imeungua," akaniambia, yaani ile saketi ya ndani inayodhibiti umeme. Alikuwa amenunua koili mpya, ule waya unaopata moto na kugeuza juisi ya nikotini kuwa mvuke, ya omu 0.2 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme), akaipandisha hadi wati 70, akavuta siku tatu bila shida. Siku ya nne ikaanza kunuka plastiki. Nikafungua tangi. Chipu ilikuwa nzima kabisa. Kilichoungua ni kile kipete cha plastiki chini ya tangi, kinachotenga pini ya katikati na uzi wa chuma wa kufungia tangi. Upande mmoja kimeyeyuka, kimegeuka rangi ya chai, na pini imezama ndani kiasi cha unene wa ukucha. Juu ya pini palikuwa na utando mweusi wa juisi iliyokauka.

Kipete hicho nitakirudia, maana ndicho kilichonifanya nikae niandike. Watu wengi wanaokuja kwangu wanaiogopa omu ndogo kwa sababu ambazo kwenye vepu ya chipu hazipo, na pale panapounguza kweli hawapatazami.

Neno moja kabla sijaendelea. Kama huvuti sigara, usianzie hapa. Nikotini inashika, na mvuke huu si hewa safi. Nawaandikia watu wazima walioacha sigara au wanaopambana kuiacha, kama mimi niliyevuta miaka kumi na tisa, na ambao kifaa tayari wanacho mkononi.

Vepu ya chipu ni ile yenye kioo kidogo na vitufe vya kuongeza na kupunguza wati. Ndani yake kuna saketi inayochukua umeme wa betri, inaupandisha au kuushusha volti, ndipo inaupeleka kwenye koili. Ile nyingine, isiyo na saketi, mimi naiita bubu: betri, kitufe cha chuma na koili, basi. Kwenye bubu koili ndiyo inayoamua kila kitu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu 0.2, unapata ampea 21, na volti mara ampea ni wati 88, na hakuna wa kuizuia. Weka koili ya 0.1 na unaidai betri ampea 42, kitu ambacho betri nyingi za 18650, zile za mviringo za kuchajiwa zinazotumika kwenye vepu, hazikiwezi. Itapata moto mpaka iteme moshi. Hofu ya omu ndogo ilizaliwa kwenye bubu, na huko ni hofu ya haki.

Kwenye chipu mambo yanageuka. Koili na betri hazionani uso kwa uso, chipu imekaa katikati. Ukiseti wati 60, betri inatoa wati 60 pamoja na kidogo kinachopotea ndani ya chipu, iwe koili ni ya 0.15 au ya 0.5. Tofauti iko upande wa pili: koili ya 0.15 itapokea volti 3 na ampea 20, ile ya 0.5 itapokea volti 5.5 na ampea 11. Betri haijui lolote kati ya hayo. Betri inajua wati tu. Ndiyo maana mteja akiniuliza, "Fundi, betri zangu zitaweza koili ya 0.15?" namjibu kwa swali: unataka kuivuta kwa wati ngapi?

Hesabu ya betri ni hii, na nataka uifanye kwa kalamu kabla hujalipia koili. Chukua wati zako, gawanya kwa 3.2, gawanya tena kwa 0.9. Jibu ni ampea zinazotoka kwenye betri moja. Kama kifaa kina betri mbili, gawanya jibu kwa mbili. Ile 3.2 ni volti za betri inapokaribia kuisha ikiwa imebebeshwa mzigo, na 0.9 ni kwa sababu chipu inakula karibu sehemu moja ya kumi kama joto. Kwa nini nahesabia betri inayoisha na si iliyojaa? Kwa sababu bubu inadhoofika betri ikiisha, lakini chipu inazidi kukaza. Umeiambia wati 60, itatafuta wati 60. Volti zikishuka inavuta ampea nyingi zaidi ili hesabu itimie. Mzigo mzito kabisa kwa betri unakuja mwishoni, wakati betri yenyewe imechoka.

Tuseme wati 60 kwa betri moja. 60 kwa 3.2 ni 18.75, kwa 0.9 ni 20.8. Betri ya Samsung 25R, ambayo mafundi wengi tunaijua, imepimwa ampea 20. Umeshavuka. Wati hizohizo kwenye kifaa cha betri mbili ni ampea 10.4 kila moja, na hapo hata Samsung 30Q ya ampea 15 inapumua vizuri. Kwangu mimi, betri moja ya 18650 haivuki wati 45, na kama ni 30Q nashukia 40. Anayetaka wati 60 na kuendelea namwambia atafute kifaa cha betri mbili. Koili nyingi za 0.15 na 0.2 zimeandikwa pembeni kuanzia wati 50 au 60, kwa hiyo kununua koili hiyo kwa kifaa cha betri moja ni kununua kitu utakachokivuta kikiwa na njaa ya wati au utakachokilazimisha.

Kuna vepu za umbo la kalamu, zina kitufe kimoja na hazina kioo cha wati. Zina saketi ya kulinda, zinazima zikiona shoti, lakini nyingi zinapeleka volti za betri moja kwa moja kwenye koili. Hizo zihesabu kama bubu. Funga koili aliyoitaja mtengenezaji, usishuke chini yake.

Chipu nayo ina mwisho wake. Kwenye kijitabu cha kifaa utakuta omu ya chini kabisa, mara nyingi 0.1, na pengine ampea za juu kabisa zinazoweza kutoka. Ampea hizo ndizo zinazokufunga mikono ukishuka sana. Chukua chipu ambayo mwisho wake ni ampea 30. Kwa koili ya 0.1, wati za juu utakazopata ni ampea mara ampea mara omu, 30 mara 30 mara 0.1, yaani 90, hata kama boksi limeandikwa 200 kwa herufi za dhahabu. Koili ya 0.2 kwenye chipu hiyohiyo ingefika 180. Anayeshuka hadi 0.1 akidhani anaongeza nguvu, kwenye chipu anaipunguza. Kati ya 0.15 na 0.4 ndipo mahali pazuri, na sijaona sababu ya mtu wa kawaida kwenda chini ya hapo.

Sasa turudi kwenye kipete. Koili ya omu 0.2 ni ndogo mno kiasi kwamba uchafu unakuwa na sauti. Kwenye koili ya zamani ya omu 1.5, ukiwa na uchafu wa omu 0.05 kwenye pini hutauona, ni kitone baharini. Kwenye koili ya 0.2, ile 0.05 ni moja ya tano ya njia nzima. Kifaa kinasoma 0.25, kinapeleka wati 60, na kati ya hizo wati 12 zinabaki pale kwenye pini, hazifiki kwenye koili. Wati 12 juu ya kitu cha ukubwa wa punje ya mtama, kimezungukwa na plastiki. Wewe unaona ladha imepungua kidogo, unaongeza hadi 70, pini inapata 14. Hivyo ndivyo kipete cha yule kijana kilivyoyeyuka. Hakukuwa na kosa la chipu wala la betri, na duka lililomuuzia halikumwambia hata mara moja afute pini.

Kwa hiyo kila unapobadilisha koili, fanya hivi. Zima kifaa, toa betri kama zinatoka. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye spiriti, futa pini ya kifaa na uzi wake, kisha futa kitako cha tangi na kitako cha koili. Zungusha kijiti mpaka kitoke kikiwa cheupe. Acha pakauke. Kagua mpira wa mviringo wa koili kama haujakatika, maana juisi inapita hapo kushukia kwenye pini. Funga koili kwa vidole mpaka ikae, usitumie koleo. Tangi nalo lifunge kwa vidole. Ukilikaza kwa nguvu unaisukuma pini ya kifaa chini, na siku ukifunga tangi jingine halitagusa.

Kisha soma kioo. Koili ya 0.2 ikisoma 0.19 hadi 0.22, sawa. Ikisoma 0.26, ifungue, ifute, uifunge tena. Ikisoma namba moja sasa hivi na nyingine ukiitikisa, kuna mahali pamelegea na usiivute. Soma wakati koili imepoa, kabla hujabonyeza hata mara moja, na kifaa kikikuuliza kama ni koili mpya, kiambie ndiyo wakati huohuo. Ukikijibu koili ikiwa moto kitashika namba ya uongo, na kama unatumia udhibiti wa joto, yaani kifaa kinafuata joto la koili badala ya wati tu, kila kitu baada ya hapo kitakuwa na kosa.

Usijaribu kupima koili hii kwa multimita ya kawaida. Gusanisha ncha zake mbili uone: zenyewe zinasoma 0.2 au 0.3 bila kupima chochote, ni nyaya zake hizo. Kifaa chako kinapima vizuri kuliko multimita ya shilingi elfu moja.

Koili mpya ina pamba kavu ndani, na wati 60 juu ya pamba kavu ni moto. Dondoshea juisi matone mawili matatu kwenye kila tundu la pembeni unaloona pamba, na moja katikati kwa juu. Funga, jaza tangi, halafu subiri dakika kumi. Watu hawapendi sehemu hii. Mimi huitumia kufuta meza. Kisha vuta mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe, ili juisi ivutwe ndani ya pamba. Anza chini ya namba iliyoandikwa kwenye koili. Kama imeandikwa 60 hadi 80, anza na 45. Vuta mara tano, panda 50, tena 55, mpaka ufike mahali ladha imekaa na koo halilalamiki. Ukisikia ukavu au ladha ya karatasi iliyoungua, acha palepale. Pamba ikishaungua haiponi, na mvuke wa koili kavu unabeba kemikali kali za kuwasha, formaldehaidi ikiwamo, kwa wingi kuliko koili ikiwa imelowa. Tupa koili hiyo, hata kama ina siku moja.

Juisi lazima iendane na koili. Koili ya omu ndogo inakula juisi nyingi na kutoa mvuke mwingi, unaouvuta moja kwa moja kifuani huku tundu la hewa likiwa wazi. Kwa hiyo nikotini iwe ndogo: miligramu 3 kwa mililita inatosha watu wengi, 6 tayari ni nzito. Ile juisi ya chumvi ya nikotini ya miligramu 20, 35 au 50 ni ya vile vifaa vidogo vinavyovutwa kidogokidogo mdomoni. Ukiimimina kwenye koili ya 0.2 utapata kizunguzungu, kichefuchefu na jasho la baridi kabla hujamaliza mvuto wa tatu. Niliwahi kumkalisha mtu kwenye stuli yangu nusu saa kwa kosa hilo. Chagua pia juisi nzito, glisarini asilimia 70 na propilini glikoli 30. Nyepesi sana itavuja kwenye matundu makubwa ya koili hizi. Na usitie kitu kingine chochote, hasa mafuta. Mwaka 2019 huko Marekani maelfu ya watu walilazwa hospitalini mapafu yakiwa yameumia, na kilichotajwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa kwenye katriji za bangi. Chupa ya juisi ifungwe na iwekwe juu, mbali na watoto. Nikotini ya maji ni sumu kwao ikinywewa, hata kidogo.

Betri nitazisemea kwa kirefu kidogo, kwa sababu chipu inalinda kinachopita kwayo tu. Shoti ikitokea kabla ya chipu, ndani ya kitanda cha betri au mfukoni mwako, chipu haina habari. Betri ya 18650 ina ncha chanya juu katikati, lakini mwili wake wote wa chuma, mpaka ukingo unaoizunguka ile ncha, ni hasi. Kinachotenga viwili hivyo ni ganda jembamba la plastiki na kiduara kidogo cha karatasi nyeupe. Shika betri yako sasa hivi, izungushe chini ya taa, tazama ukingo wa juu. Ganda likiwa limechanika hapo, hata tundu la kichwa cha sindano, usiitumie. Maganda mapya yanauzwa bei ndogo na fundi yeyote mwenye hita ya hewa atakuvalishia kwa dakika mbili. Mwaka 2019 nilitia betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo za duka. Nilisikia joto pajani, nikadhani ni jua, mpaka suruali ikaanza kutoa moshi. Kovu ninalo. Tangu siku hiyo betri yangu haitoki nje bila kijisanduku chake cha plastiki, na makampuni yanayotengeneza betri hizi yenyewe yanaonya kwamba hazikukusudiwa kubebwa hivihivi.

Za bandia zimejaa mjini. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), irudishe kwenye tochi iliyotoka nayo. Betri halisi za kutoa ampea nyingi zinaishia mAh 2500 hadi 3000. Ninayo mizani ndogo ya gramu, na ndiyo hukumu yangu ya kwanza: betri halisi ina gramu 45 hivi. Ikija na gramu 30, kuna seli ndogo ndani au kuna unga wa kujazia.

Kwa kifaa cha betri mbili, nunua mbili zilizofanana siku moja, andika herufi na tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika, na zisitengane tena. Ziingie pamoja, zitoke pamoja, zichajiwe pamoja. Moja ikiwa imechoka kuliko mwenzake, ndiyo itakayoshushwa kupita kiasi kila siku. Chaji kwa chaja ya nje ukiwepo na ukiwa macho, juu ya sakafu ya simiti au sahani ya udongo, si juu ya godoro. Kwenye ndege zinaingia nawe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Na wale wa Busia na Malaba, mpakani na Uganda, wakumbuke kwamba sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 imezipiga marufuku sigara za kielektroniki, hivyo kifaa kiache upande huu.

Wachache wanaosokota koili wenyewe wataniuliza namba. Waya wa kanthal, aloi ya chuma, kromi na alumini, wa milimita 0.5 una kama omu 7 kwa mita. Mizunguko sita juu ya kijiti cha milimita 3, pamoja na miguu, inakula sentimita saba na nusu hivi, sawa na omu 0.53 hivi. Ukifunga mbili sambamba unapata 0.26 hivi, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kwenye kifaa cha betri mbili, wati 55 hivi. Kabla ya kutia pamba, weka wati 15, bonyeza kidogokidogo, tazama koili ikianza kuwa nyekundu. Nyekundu inatakiwa ianzie katikati itoke nje, zote mbili kwa pamoja. Ikiwaka ukingoni kwanza, isugue taratibu kwa kibano cha kauri. Cha chuma kitapiga shoti ukibonyeza. Waya wa nikeli tupu au titani usiutumie kwa wati kabisa, ni wa udhibiti wa joto peke yake. Chuma cha pua cha aina ya 316L kinafanya kazi pande zote mbili, na usishtuke ukiona omu zinapanda kikiwa moto, ndiyo tabia yake.

Yule kijana nilimbadilishia kipete na pini kutoka tangi bovu nililokuwa nalo drooni. Betri zake zilikuwa mbili zisizofanana, moja ganda limechanika, nikazitoa. Alirudi jioni na mbili mpya, nikazipima gramu, nikaziandika A na tarehe. Koili yake ileile ya 0.2 ikasoma 0.21. Nikaseti 55, akavuta mara kumi mfululizo mbele yangu, nikafungua tangi na kuweka kidole kwenye pini. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Nikamwambia ajipime hivyohivyo kila Jumapili, na siku atakayoshindwa kukiacha kidole pale hadi ahesabu tano, aje.